Ndiyo shefu, lakini kazi haikufanyika: kutafuta hitilafu ya mawasiliano kazini, hapa Lubumbashi

Fundi wa umeme akiitwa nyumba fulani Katuba kwa sababu taa haziwaki, haanzi kwa kubomoa ukuta. Anaangalia kwanza dijonkteri, ile swichi kuu ya kukata umeme, halafu balbu, halafu soketi. Waya uliozikwa ukutani ni wa mwisho kabisa. Kazini sisi tunafanya kinyume. Agizo likipotea, neno la kwanza ni kwamba fulani ana dharau, ana kichwa kigumu, au kuna mtu anamchochea. Tunaanza na moyo wa mtu, ambao hakuna anayeweza kuufungua, na kuacha vitu vinavyoonekana kwa macho: lugha iliyotumika, saa iliyotajwa, kelele ya mashine, simu isiyo na mega za intaneti.

Hitilafu zilizo hapa chini ndizo zinazorudi mara nyingi katika biro, gereji, maghala na viwanda vya mji huu. Sababu inayotokea zaidi imetangulia. Soma dalili inayofanana na yako, nyingine ziruke.

DALILI: Wote wanaitikia "ndiyo shefu", jioni kazi imetoka vingine

Hili ndilo lalamiko kubwa la mashefu, yaani wakubwa wa kazi. Asubuhi kapita, msimamizi wa kikundi, ameeleza, watu wameitikia, hakuna aliyeuliza kitu. Jioni lori limepakiwa magunia ya mteja mwingine.

Sababu inayotokea zaidi iko kwenye swali lenyewe. "Mumesikia?" ni swali lenye jibu moja tu. Mbele ya wenzake, nani atasema hapana? Kumwambia mkubwa "sikuelewa" kunakaribia sana kumwambia "hukueleza vizuri", na mtu mwenye adabu halitamki hilo hadharani. Basi ile "ndiyo" ni heshima. Inaonyesha kwamba amekusikiliza, haionyeshi kwamba amejua la kufanya.

Ya pili: agizo lilikuwa refu mno. Ukimpa mtu mambo saba kwa pumzi moja, la kwanza na la mwisho hubaki kichwani, ya katikati yanaanguka njiani.

Ya tatu ni lugha, na hapa mji wetu una historia yake. Union Minière, kampuni ya migodi iliyoundwa 1906, ilichukua wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda na nchi ambayo leo ni Zambia, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha kambini na kazini. Karatasi lakini zilibaki kwa Kifaransa. Mpaka leo maagizo mengi yanazaliwa kwa Kifaransa ofisini, yanatekelezwa kwa Kiswahili uwanjani, na katikati kuna kapita anayetafsiri huku anatembea. Kinachofika ni kile alichokishika yeye, na hakuna anayemkagua.

Ya nne inasahaulika kabisa: masikio. Kelele ya desibeli 85 na kuendelea, siku nzima, mwaka baada ya mwaka, inaua usikivu polepole na haurudi. Zinazoanza kupotea ni sauti nyembamba, kama s, f na t. Mzee wa namna hiyo anasikia kwamba unaongea, ila maneno hayapati. Anaitikia akikisia kutoka midomoni mwako. Wengi wa "wazee wakaidi" wa viwandani ni watu ambao hakuna aliyewahi kuwapima masikio.

Ukaidi wa kweli upo pia. Uweke wa tano.

Ukaguzi wa haraka. Acha "mumesikia" kwa wiki moja. Badala yake uliza: "Utaanza na nini?" Au: "Ukifika ukakuta geti limefungwa, utafanyaje?" Maswali haya hayajibiwi kwa ndiyo. Tena usimwulize kila siku yule kijana mwerevu anayesimama mbele. Mwulize aliye nyuma, bila kumfedhehesha. Maneno yanayofaa hapa ni haya: "Nataka kujua kama mimi nimeeleza sawasawa. Hebu rudilia." Mzigo umejibebesha wewe, yeye hana cha kuonea haya.

Shefu anayeona mambo haya ni ya watoto wa kelasi, nampa kisa kimoja. Mwaka 1990, katika chuo kikuu cha Stanford, Marekani, mwanafunzi aitwaye Elizabeth Newton aliwaambia watu wagonge mezani mdundo wa nyimbo zinazojulikana na kila mtu, wenzao wabahatishe ni wimbo gani. Wagongaji walidhani nusu ya nyimbo zitatambuliwa. Katika nyimbo 120 zilitambuliwa 3. Anayegonga anausikia wimbo mzima kichwani mwake. Anayesikiliza anapata ko-ko-ko. Ndivyo ilivyo kwa mtu aliyekaa kwenye mkutano wa saa mbili na mkurugenzi, kisha akatoka na kuwaambia watu wake, "Ile kazi ya kule, muimalize leo."

Marekebisho ya kina. Weka kanuni kwamba agizo halijaisha mpaka aliyepewa amelirudilia kwa maneno yake na aliyelitoa amesema "ndivyo". Marubani hufanya hivyo kwa lazima. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa ndege wa Los Rodeos, katika kisiwa cha Tenerife, Uhispania, ndege mbili kubwa ziligongana ndani ya ukungu wakafa watu 583. Rubani mmoja alianza kuruka bila ruhusa. Rubani msaidizi wake alikuwa ametamka kwenye redio maneno yenye maana mbili, mnara ukajibu kwa kuanza na "OK", na sentensi iliyofuata, iliyomtaka asubiri, ilifunikwa na kelele kwa sababu ndege ya pili iliongea wakati huohuo. Baada ya hapo maneno ya redio yalikazwa, na neno la "kuruka" likawekwa kwa ajili ya ruhusa yenyewe tu. Ikiwa watu wa kazi hiyo wanarudilia maagizo, sioni kwa nini mwendesha krini wa Kampemba aone haya.

Simama hapa. Kwa umeme mkubwa, asidi, mzigo unaoning'inia, baruti, au kuingia ndani ya tanki: mtu asipoweza kutaja hatua kwa mpangilio, kazi haianzi. Mwite anayesimamia usalama, hata kama lori linasubiri na mteja anapiga simu. Na yule mzee unayemshuku masikio, usimpandishie sauti. Mpeleke kwa daktari wa kampuni apimwe usikivu, na uombe jambo hilo lifanywe kama la afya, lisiingizwe kwenye faili ya nidhamu.

DALILI: Mmoja amefika saa sita kabla, mwingine hakufika

Sababu ya kawaida ni kuhesabu saa kwa namna mbili. Dereva wa lori kutoka Dar es Salaam ukimwambia saa kumi, anaelewa 16h. Mtu wa hapa anayetafsiri kutoka Kifaransa anaelewa 10h. Wote wawili wako sawa, na wote wawili watakasirika. Saa nane ni mtego uleule: 14h kwa mmoja, 8h kwa mwingine.

Inayofuata ni Kinshasa. Sisi tuko saa moja mbele yao. Mkutano wa simu uliotangazwa na makao makuu kuwa 9h00 ni 10h00 hapa, isipokuwa aliyeutangaza alikuwa na huruma akahesabu kwa niaba yetu, na hapo ndipo mkanganyiko unakuwa mkubwa zaidi. Tanzania nayo iko saa moja mbele yetu, Zambia tuko sawa, China iko saa sita mbele.

Dawa: andika tarakimu na mji. "10h00, saa ya Lubumbashi." Hakuna la kuongeza. Mtu akichelewa baada ya hapo, hilo ni jambo la nidhamu na si la mawasiliano.

DALILI: Habari mbaya hazipandi juu

Pampu imekuwa ikipiga kelele tangu Jumatatu. Mtu wa zamu alijua, fundi alijua, hata mlinzi alijua. Mkurugenzi amejua Ijumaa, ilipokufa.

Kabla ya kuuliza kwa nini hawakusema, uliza nini kilimpata wa mwisho aliyesema. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza, na karibu kila biro ina kisa chake. Mtu alileta habari mbaya, akageuzwa kuwa mwenye kosa. Wenzake waliona. Hakuna mkutano wala bango la "mlango wangu uko wazi" linaloweza kufuta walichokiona.

Sababu ya pili ni umri na cheo kutoelekea upande mmoja. Kijana aliyetoka UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, na diploma yake amewekwa juu ya mzee ambaye alianza kazi kabla yeye hajazaliwa. Mzee anaona pampu itakufa, lakini anangoja kuulizwa. Kumfuata kijana na kumwambia kunamvunjia heshima. Kijana naye anaogopa kuuliza, asionekane hajui. Kila mmoja anamngoja mwenzake, na pampu haimngoji mtu. Hapa ni kijana anayepaswa kusogea kwanza, kwa sababu yeye ndiye anayeweza kufanya hivyo bila kupoteza kitu. "Papa, wewe unaijua mashine hii kuliko mimi. Unaonaje?" Aseme hivyo faraghani, kabla ya mkutano. Mbele ya watu, mzee atamtetea.

Ya tatu: mtu alisema, lakini alisema kwa mzunguko. Alianza na salamu, akauliza watoto, akaeleza safari yake yote kutoka Ruashi, na habari ya pampu ikaja mwishoni kama jambo la pembeni, shefu akiwa ameshaanza kuangalia simu. Salamu ni lazima, sisemi ziondolewe. Lakini baada ya salamu kuna mpangilio mzuri uliotoka jeshi la majini la Marekani ukaingia mahospitalini, ambako manesi huutumia kumpigia daktari usiku. Una vipande vinne: nini kinatokea sasa, kilianzaje, mimi naonaje, naomba nini. Kwa mfano: "Shefu, pampu namba mbili inatetemeka. Ilianza Jumatatu baada ya kubadilishwa beringi. Naona beringi haikukaa. Naomba tuizime saa sita tuifungue." Sentensi nne. Kipande cha nne ndicho watu wanachokisahau, na bila hicho shefu anajibu "sawa, endelea kuangalia".

Marekebisho ya kina ni kazi ya shefu peke yake: siku habari mbaya itakapoletwa mapema, amshukuru aliyeileta mbele ya wengine, na ugomvi kuhusu chanzo ungoje mashine itengenezwe. Itachukua muda watu waamini. Wana haki ya kuchelewa kuamini.

Simama: habari ikiwa ni ya hatari kwa maisha au ya wizi, na shefu wako wa karibu ndiye anayeifunga mdomo, usiendelee kumbembeleza. Peleka kwa maandishi kwa aliye juu yake au kwa delege wa sendika, yaani mwakilishi wa wafanyakazi, na ubaki na kopi.

DALILI: Kikundi cha WhatsApp cha kazi kimekuwa uwanja wa vita, au makaburi

Dalili mbili, chanzo kimoja: kikundi kinabebeshwa kazi isiyo yake.

Anza na vitu vya kawaida. Je, mtu alikuwa na mega? Je, umeme ulikuwepo kwao? Katika mitaa ambako moto unakatika jioni na kurudi usiku wa manane, ujumbe uliotumwa 19h unasomwa asubuhi ndani ya taxi-bus, pengine. Alama mbili za bluu zinaonyesha ujumbe ulifunguliwa. Hazionyeshi kama aliyeufungua ni yeye au mtoto wake. Nimeona ugomvi wa wiki nzima ukiisha kwa kugundua kwamba simu ilikuwa kwa fundi.

Halafu sauti zilizorekodiwa. Sauti ya dakika sita, yenye upepo na honi ndani yake, inayomtaka msikilizaji atafute agizo moja lililo dakika ya tano: hiyo si mawasiliano, ni adhabu. Weka sauti kwa wasioweza kuandika kwa urahisi, na hao waachiwe bila kuchekwa. Wengine waandike mistari mitatu: nani, nini, lini.

Sababu nzito zaidi ni kumkosoa mtu mbele ya kikundi. Ana kwa ana, kuna uso, kuna sauti, kuna mkono begani. Kwenye simu kuna maneno makavu na watu arobaini wanaoangalia. Anayekaripiwa hapo ana njia mbili: kujibu na kuwasha moto, au kunyamaza na kukuwekea kinyongo. Ndiyo maana vikundi vingi vinaanza kama uwanja wa vita na kumalizika kama makaburi, ambako shefu anaongea peke yake na wengine wanaweka kidole gumba.

Kanuni tatu zinatosha. Tangazo liende kwenye kikundi, lawama iende kwa mtu mwenyewe, na jambo la haraka lipigiwe simu. Hiyo ya tatu inashangaza vijana.

Ikiwa kwenye kikundi kumeingia matusi, vitisho au picha za aibu, usijibu na usifute. Piga picha ya skrini, uwapelekee wanaoshughulika na wafanyakazi. Kile kilichofutwa hakisaidii mtu baadaye.

DALILI: Demande d'explication zinanyesha kama mvua ya Januari

Kila biro ya hapa inaijua karatasi hii: barua ya shefu inayomtaka mfanyakazi aeleze kwa maandishi, ndani ya muda mfupi, kwa nini jambo fulani lilitokea. Jina lake linasema ukweli: ni kuomba maelezo. Na ikitumika hivyo ni chombo kizuri, kwa sababu inampa mtu nafasi ya kujitetea kabla hajaadhibiwa. Tatizo ni pale inapochukua nafasi ya mazungumzo yote, hata kwa kuchelewa dakika kumi, hata kwa kikombe kilichovunjika.

Kwa shefu, sababu ya kwanza ni kwamba hakuongea. Jiulize: kabla ya kuandika, nilimwita mtu huyu nikamwuliza kwa mdomo? Kama jibu ni hapana, rudi huko. Sababu ya pili ni kwamba karatasi inampunguzia shefu hofu ya kuangaliana na mtu. Ya tatu, isiyosemwa sana, ni kwamba kuna faili inayojengwa ili mtu aondoke. Wafanyakazi wanajua tofauti kati ya hizi tatu haraka kuliko shefu anavyofikiri, na biro ikifika ya tatu, kila mtu anaanza kujibu kama yuko mahakamani. Hakuna anayekiri kitu tena. Kosa dogo ambalo lingesahihishwa kwa dakika mbili linafichwa wiki mbili.

Kwa aliyepokea demande, hatua ni hizi, kwa mpangilio.

Pokea. Kukataa kupokea hakufuti barua; kunaongeza kosa la pili. Weka saini, tarehe na saa, ukiandika wazi kwamba ni kwa ajili ya mapokezi, "pour réception". Kupokea hakumaanishi kukubali kosa.

Usijibu ukiwa umekasirika. Kama muda unaruhusu, lala nayo usiku mmoja.

Soma swali ni lipi. Wengi wanajibu hasira iliyo ndani ya barua na kuacha swali. Ukiulizwa kwa nini hukuwepo tarehe 12 kati ya 8h na 11h, jibu hilo tu: ulikuwa wapi, nani alijua, karatasi gani inathibitisha. Historia ya mateso yako chini ya shefu huyo iwekee siku nyingine. Kama umekosa kweli, sema umekosa na utafanya nini lisirudi. Sentensi hiyo moja inazima demande nyingi kuliko kurasa tatu za utetezi.

Andika kwa lugha unayoimudu. Kama barua ni ya Kifaransa na wewe Kifaransa kinakusumbua, mwombe mtu unayemwamini aandike unachosema, kisha akusomee kwa Kiswahili kabla ya saini. Anayekupambia maneno makubwa usiyoyajua anakutafutia demande ya pili.

Baki na kopi yenye alama ya mapokezi.

Simama hapa, na usiendelee peke yako, ikiwa demande zimekuja mfululizo kwa mambo madogo. Ikiwa unaombwa kutia saini karatasi unayoambiwa "ni ya kawaida tu" na hujaisoma. Au ikiwa umepewa neno la kusimamishwa. Kwanza nenda kwa delege wa wafanyakazi. Kanuni ya kazi, yaani sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inataka kuvunja mkataba kujulishwe kwa maandishi na sababu itajwe. Mgogoro nao hauendi moja kwa moja kwenye korti ya kazi; lazima upite kwanza kwa mkaguzi wa kazi, kujaribu kupatanishwa. Kwa hiyo anayekuambia "tutaonana tribunal" kesho asubuhi hajui njia. Mkaguzi ndiye mlango.

DALILI: Mkalimani yupo, lakini kila upande unadhani mwingine ni mwongo

Hii ni ya migodi na viwanda vyenye mainjinia kutoka nje, hasa wa China. Shefu anaongea dakika mbili kwa Kichina, mkalimani anatoa maneno manne kwa Kifaransa, kapita anayageuza kuwa mawili kwa Kiswahili. Wafanyakazi wanahesabu, wanahitimisha kwamba wamefichwa kitu.

Mara nyingi hawajafichwa. Sababu ya kwanza ni kwamba shefu aliongea mfululizo, na hakuna binadamu anayebeba dakika mbili kichwani bila kudondosha. Asimame kila baada ya sentensi moja au mbili. Ya pili: mkalimani anajua lugha, hajui kazi. Mtu aliyesoma fasihi hawezi kujua tofauti ya vali na kipimio cha shinikizo. Mpitishe kiwandani siku nzima, aguse vitu, ajue wafanyakazi wenyewe wanaviitaje. Ya tatu: mkalimani analainisha. Shefu ametukana, yeye anatafsiri "anawaomba muongeze bidii". Anafanya hivyo kwa nia ya amani, lakini sauti na uso wa shefu vimeshaonekana, na wafanyakazi wanajua maneno hayalingani na mishipa ya shingo.

Jaribio rahisi ni kumwomba mfanyakazi arudilie agizo kwa Kiswahili, lirudi njia ileile mpaka kwa shefu. Likirudi limegeuka, mtaona limegeukia wapi. Kwa kazi inayorudi kila siku, picha na namba vinashinda mkalimani yeyote: vali nyekundu, namba 3, zungusha mpaka hapa.

Mambo ya mkataba, mshahara, ajali na adhabu yasipite kwa mkalimani wa kiwandani peke yake. Hapo itisha maandishi, na delege awepo.

DALILI: Ukiingia, wanabadilisha lugha au wananyamaza

Usikimbilie kudhani wanakusema wewe. Sababu ya kawaida kabisa ni uvivu mtamu: watu waliokua pamoja wanarudi kwenye Tshiluba, Kibemba, Kiluba au Kisanga bila kufikiri, kama vile ambavyo wewe ungefanya na dada yako. Mwambie mmoja wao, kwa utani, "Na mimi munifasirie." Mara nyingi yanaisha hapo, kwa kicheko.

Sababu ya pili ni kwamba lugha imekuwa mlango wa kazi. Taarifa za saa za ziada, nafasi mpya, safari za Kolwezi zinatangazwa kwenye kona ya kabila moja kabla hazijafika ubaoni. Hii inarekebishwa na shefu kwa uamuzi mmoja: kila nafasi iandikwe ubaoni siku moja, kwa wote, na mikutano ya kazi iwe kwa Kiswahili au Kifaransa. Kwenye meza ya bukari, yaani ugali, saa ya mapumziko, kila mtu aongee lugha anayotaka. Kuifukuza lugha ya mama kutoka meza ya chakula ni kuongeza ukuta mwingine.

Ya tatu ni kumbukumbu. Kuna wafanyakazi wenzetu ambao familia zao zilifukuzwa Katanga mwaka 1992 na 1993 kwa sababu ya asili yao ya Kasai, na kuna waliokuwa upande wa pili wa mambo hayo. Haizungumzwi, lakini iko ndani ya chumba. Utani wa kabila ambao kijana anauona mwepesi unaweza kumwangukia mzee kwa uzito wote wa stesheni ya treni ambako waliofukuzwa walingoja kuondoka. Usiufanye kazini, hata kama wote wanacheka.

Simama mara moja utani ukigeuka kuwa tusi la kabila, tishio, au kunyimwa kazi kwa sababu ya asili. Hapo hakuna tena hitilafu ya mawasiliano ya kutengeneza kwa mazungumzo. Ubaguzi wa rangi na wa kabila ni kosa la jinai hapa tangu ordonansi-sheria namba 66-342 ya tarehe 7 Juni 1966. Vivyo hivyo mwanamke anayefuatwa na shefu kwa maneno na masharti ya kimwili asiambiwe "jaribu kuongea naye vizuri": unyanyasaji wa kingono umo katika sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006. Aandike tarehe na maneno, atafute delege na mwanasheria, na asipelekwe peke yake kwenye chumba cha "kusuluhishwa".

HITILAFU NDOGO ZINAZOULIZWA SANA

Mfanyakazi haniangalii machoni. Kwa wengi hapa kuinamisha macho mbele ya mkubwa ni adabu. Mgeni asisome uongo hapo.

Sekretere hapelekei ujumbe wangu. Mara nyingi umempa kwa mdomo wakati ana watu watatu mbele yake. Mwachie karatasi yenye jina, namba na jambo lenyewe.

Watu hawaongei mkutanoni, wanaongea nje kwenye korido. Basi fupisha mkutano, nenda korido.

Fundi kila saa anajibu "niko njiani". Mwulize yuko karibu na nini. Akitaja soko la Kenya, komini ya mji huu, hesabu dakika. Akijibu "hapa hapa tu", anzeni bila yeye.